Kamba ya Kisimani

Kamba ya kisimani haikuwepo. Asubuhi ile, wifi yake akiwa bado kwenye msala akiswali, Mwanamkasi aliitafuta nyuma ya mlango, uvunguni, mpaka kwenye banda la kuku. Wapi! Ndipo wivu ulipompanda kichwani.

Maana haikuwa kamba tu. Juzi kilipotea kisu kikubwa cha jikoni. Kabla yake, dawa ya kupulizia mikorosho, chupa nzima. Na Mikdad, mumewe, kila Ijumaa hutoka na kapu lililofunikwa, akarudi nalo tupu. Mwanamume akianza kuhamisha vyombo kidogo kidogo, kuna jiko jingine analianzisha. Kijiji kizima cha Fukayosi kinalijua hilo.

Na mwenye jiko alimjua: Verdiana, nesi wa zahanati, yule mwenye mwanya. Kila jioni humpigia Mikdad simu, naye hukimbia nayo uani, akinong'ona, "Ndiyo, amelala."

Amelala! Wivu ulimkata maini. Kweli, tangu wamzike mtoto wao, mwezi wa nne huu, yeye hali chakula, haogi, hatoki kitandani. Ndiyo aletewe mke mwenza? Tena kawekewa hadi mlinzi: wifi yake, Chausiku, hambanduki, hata chooni humngoja mlangoni.

Mwanamkasi akajifunga kibwebwe, akatoka pekupeku. Njia nzima alikuwa akipanga matusi.

"Toka nje, mwizi wa waume!"

Verdiana alifungua mlango, mswaki ungali mkononi. Hakukasirika. Alimtazama toka utosini hadi miguuni, machozi yakamlengalenga.

"Mwanamkasi! Umekuja mwenyewe, kwa miguu yako?"

"Nimefuata vitu vyangu."

"Vipo. Pita ndani."

Vilikuwa pembeni mwa kabati, kwenye boksi lililoandikwa jina la Mwanamkasi: kisu, chupa, na kamba juu yake. Hakuna kilichotumika. Chupa ilikuwa bado na lakiri yake, haijafunguliwa.

"Mimi ndiye niliyemwambia Mikdad avitoe nyumbani," alisema nesi taratibu, akimshika mkono. "Utavichukua ukipona, dada yangu. Sasa kaa, nikupe chai."

Mwanamkasi alikuwa akiitazama kamba. Asubuhi ile, alipokuwa akiihangaikia nyumba nzima, hakuwa na ndoo mkononi.