Dole Chini ya Karatasi

Msumeno ulikuwa umekwisha uma gome la mwerezi wa kwanza Mabruki alipofika mbio. Mierezi hiyo ya jumba la kale la misafara, nje ya Tabora, aliitunza tangu kabla ya Uhuru.

“Acheni! Itabaki iwe kumbukumbu. Nimetia dole mwenyewe!”

Msimamizi akamwonyesha karatasi. “Dole lako hili, mzee. Umeridhia ikatwe, tujengee ofisi ya kijiji.”

Mabruki hakujua kusoma. Aliyemsomea, akamshika kidole taratibu hadi kwenye wino, ni mume wa binti yake, katibu wa kijiji. Naye alikuwa pale, akitazama viatu vyake.

“Mwanangu, ulinisomea nini?”

“Baba, twende nyumbani.”

Mabruki akauegemea mwerezi, meno ya msumeno yakimgusa bega.

“Nenda wewe.”