Sebule ya Phanuel

Kompyuta ilikataa tena. Katikati ya skrini yalitokea maneno yale yale: kamusi haipatikani.

"Wekulo, uligusa nini humu ndani?" Muia aliuliza.

"Diski ilikuwa imejaa, bana. Nikafuta vitu sijui ni vya nini."

"Basi ulifuta kamusi. Sasa programu inachora, lakini haiwezi kukagua maneno."

Wekulo, mwenye ofisi ile ndogo ya kuchora ramani za nyumba pale Kawangware, Nairobi, alijipangusa uso. Macho yake yalikuwa mekundu. Muia, fundi wa kompyuta aliyeitwa asubuhi hiyo, alidhani ni pombe ya jana.

Kwenye benchi la wateja aliketi Mzee Oyoo, koti limefungwa vifungo vyote, mkono mmoja wa koti una vumbi la mbao. Alikuwa akiviringisha kipande cha kamba kidoleni, anakifungua, anakiviringisha tena. Ramani iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa ya nyumba ya mwanawe, Phanuel, mchoraji wa Wekulo. Phanuel aliichora mwenyewe jioni baada ya kazi: sebule, vyumba vitatu, jikoni, na baraza ya kutazama ziwa.

"Mzee, tuichapishe tu," Muia alisema. "Neno likikosewa, ukuta hauanguki."

"Hapana, fundi. Mimi nilijua kusoma nikiwa na mvi, kwenye masomo ya ngumbaru kule Makina. Najua watu wanavyocheka neno lililokosewa. Karatasi hii itabandikwa mlangoni na wengi wataisoma. Iende safi, na iende leo. Phanuel anafika nyumbani Ijumaa. Lazima akute nyumba."

"Ijumaa hii? Nyumba gani inajengwa kwa siku mbili?"

"Ya udongo na mabati. Watu wako tayari, wananingoja."

Muia alitikisa kichwa, akachukua disketi tupu na kutoka. Alikumbuka ofisi moja kule Olympic, pembeni mwa Kibera, ambako aliwahi kuweka programu kama hiyo. Alikwenda mbio, akanakili faili ya kamusi, akarudi kupitia Riruta jasho likimtiririka.

Aliporudi, nyumba ilikuwa ikipungua.

Mzee Oyoo alikuwa amesimama nyuma ya Wekulo akionyesha kwa kidole. "Hicho kitoe." Wekulo alibonyeza, na chumba cha kulala kikatoweka. Kisha cha pili. Kisha cha tatu.

"Na jikoni," mzee alisema.

"Jikoni pia?" Muia hakuweza kujizuia. "Kwani watu watakula nini huko?"

"Akina mama watapika nje. Sufuria zitakuwa kubwa."

"Na yeye atalala wapi?"

"Sebuleni."

Baraza ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuondolewa. Kidole cha mzee kilibaki hewani kwa muda kabla hajaionyesha. Kwenye skrini kilibaki chumba kimoja chenye mlango mmoja.

Muia alihisi hasira ikimpanda. Baba yake mwenyewe alikuwa hivyo hivyo: ukimwendea na ndoto, anaipunguza mpaka itoshe mfukoni mwake. Aliingiza disketi, akainakili faili, akaielekeza programu mahali ilipo. Lakini mdomo haukutulia.

"Mzee, usikasirike. Huyo kijana akiona mlivyomkatia nyumba, atageuza hapo hapo arudi Nairobi."

Wekulo alinyanyuka ghafla, akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo.

"Huyu harudi," mzee alisema taratibu. "Nilitaka tumjengee yote. Hatuna muda. Basi tumjengee hiki kimoja, vile vile alivyokichora yeye."

Muia alibonyeza. Safari hii kompyuta haikukataa. Kamusi ilipita neno kwa neno, ikapata kosa kwenye dirisha, ikapata jingine kwenye paa. Mzee alisogeza uso karibu na skrini, akisoma kila sahihisho kwa sauti ya chini. Halafu programu ikasimama kwenye jina lililoandikwa pembeni mwa ramani.

"Imekwama wapi?"

"Haijakwama. Hilo jina Phanuel hailijui. Inauliza tulipite au tuliweke kwenye kamusi."

"Liweke," mzee alisema. "Likae humo."

Muia aliliweka. Hasira ilimpungua kidogo. Mtu anayejali jina la mwanawe hivyo, labda hana ubaya, labda mkono tu ndio mfupi.

"Imekuwa safi, mzee. Tuchapishe?"

"Bado mlango. Ni mwembamba."

"Huo ndio mlango wa kawaida. Hata mtu mnene anapita."

Mzee Oyoo aliikunjua ile kamba, akaishika kwa mikono miwili, akainyoosha hewani mbele ya kifua chake. Ilikuwa na fundo mahali fulani, na vumbi la mbao lilikuwa limeshika kwenye nyuzi zake.

"Usipungue hapa," alisema.

Muia alicheka, akijaribu kumchangamsha. "Yaani, mzee! Vyumba umetoa vyote, halafu unataka mlango wa kupitisha kabati? Umepima kabati gani hilo?"

Pale dirishani mabega ya Wekulo yalianza kutikisika.

"Nilipita kwa seremala kabla ya kuja hapa," mzee alisema. "Mpaka kwenye fundo ni upana wa jeneza. Hapo palipozidi ni nafasi ya wabebaji, huku na huku. Kwetu mwanamume mzima hapitishi usiku wake wa mwisho katika nyumba ya baba yake, fundi. Hulala kwake."