Oili ya Namba Saba

Fundi alimpokonya Kipanga chupa ya oili kabla hajafungua kifuniko.

“Hii ni ya gari.”

“Lakini ndiyo nzuri kuliko zote, fundi. Magari ya wakubwa yanatumia hii.”

“Kwa gari, nzuri. Pikipiki yako oili yake ni moja tu: inalainisha injini, inapita kwenye gia, na klachi inaoga humo humo. Hii ina dawa ya utelezi. Ukifika kilimani injini italia, gurudumu litakutazama tu.”

Kipanga akacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na alikuwa akitengeneza pikipiki za mji ule tangu Kipanga akiwa bado anatambaa.

“Basi nipe ile nzito. Injini yangu imezeeka.”

“Imezeeka, haijafa. Ukiipa nzito kupita kiasi, kwa baridi hii oili itachelewa kupanda hadi juu ya injini. Kitabu chake kinasemaje?”

“Nilikipoteza.”

“Mimi ninacho kichwani.” Akatoa chupa nyingine rafuni, ya pikipiki, wala si nzito wala si nyepesi. “Ni hii. Nenda kachukue boksi lako, uniachie mimi.”

Siku hiyo haikuwa ya mchezo. Hospitali ilitaka mpanda pikipiki mmoja wa kupeleka damu kwenye zahanati za milimani. Waombaji walikuwa thelathini, wakachujwa mpaka wakabaki wawili: Kipanga, mwenye namba saba, na mwenzake wa namba tatu. Kila mmoja angepanda kilima na boksi la chupa za vioo zilizojaa maji, afike zahanati ya juu kabisa, kisha ageuze. Wa kwanza kurudi bila chupa kupasuka ndiye mwenye kazi.

Kipanga alipopotea kwenye kona, mwenye duka la vipuri akatoka dukani kwake. Kibanda cha fundi kiliegemea ukuta wa duka hilo, na waya wa umeme ulitoka humo. Mwenye duka akaichukua ile oili ya gari, akamwekea fundi miguuni.

“Dada, weka hii.”

“Sikusikia.”

“Umesikia vizuri. Itateleza kidogo tu pale kilimani. Haumii mtu.”

Fundi akalegeza nati ya chini. Oili chakavu ikachuruzika kwenye karai, nyeusi tii.

“Namba tatu ni damu yangu,” mwenye duka alisema. “Miezi minane hana kazi. Unamwona kila siku.”

“Namwona.”

“Na bado?”

“Na bado.”

“Kwani huyu Kipanga ni nani kwako?”

“Mteja.”

Sauti ya mwenye duka ikapanda. “Hapo uliposimama ni pa nani? Umeme unaotumia ni wa nani? Ukimwaga hiyo oili nyingine humo, kesho usifungue hapa!”

Fundi akanyanyuka. Alikuwa mfupi, ikambidi ainue kidevu ili amtazame vizuri.

“Ng’oa bati zako. Kata waya wako. Nitafungulia juani, na watanifuata huko huko. Lakini pikipiki haitaingia mikononi mwangu nzima ikatoka mbovu. Labda uisubiri siku nikifa.”

“Una moyo wa jiwe wewe.”

“Ninao. Nisogezee hilo karai.”

Hakulisogeza. Alisimama pale pale, akamwangalia fundi akikaza nati, akimimina oili ya pikipiki taratibu, akichomoa kijiti, akipangusa, akipima tena mpaka ikagusa alama. Hakusita hata mara moja. Ila alipomaliza, alipangusa mikono kwa kitambaa, akapangusa tena.

Saa nne kamili walitimka. Kutoka getini kwa hospitali kilima kilionekana chote, na watu walijipanga ukutani kama wako uwanja wa mpira. Namba tatu ilitangulia, ikatangulia sana. Mwenye duka alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kwenye mpando wa mawe, pale ambapo klachi mbovu hujulikana, namba saba ikaanza kuvuta. Ile injini kuukuu haikukohoa wala haikuteleza. Walipopotelea kileleni walikuwa sambamba.

“Umeona?” mwenye duka alimwambia fundi. “Umeona ulichokifanya?”

Fundi hakumshangilia yeyote. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, na macho yake hayakutoka kwenye ile barabara ya vumbi mpaka pikipiki zote mbili zilipochomoza tena zikishuka.

Kipanga aliingia getini kwanza, kwa urefu wa pikipiki moja. Muuguzi akafungua boksi: chupa zote nzima. Namba tatu ikaingia nyuma yake, nayo chupa zake zote nzima. Mwenye duka akaketi kwenye ukingo wa mtaro, akafunika uso kwa viganja.

Watu walimbeba Kipanga juujuu. Kutoka huko juu alimpungia fundi mkono, na fundi akampungia pia.

Wa namba tatu alizima injini, akavua helmeti, akapenya katikati ya watu hadi aliposimama fundi. Alikuwa msichana mfupi, kidevu kile kile cha fundi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

“Kipanga ni moto, sikatai,” alisema. “Mama, mwambie mjomba aache kulia, twende nyumbani.”