Jibu Lililofunikwa

Chini ya mji ule kulikuwa na mashine ya kugonganisha chembe, na katika migongano hiyo huzaliwa chembe nzito iitwayo kwaki, inayokufa kabla hujapepesa macho. Tunu ndiye aliyeipima uzito. Jibu lake kompyuta ilikuwa imelificha, ili asije akakivuta kipimo kuelekea anakokutaka mwenyewe. Kwanza kazi yote ikaguliwe, ndipo jibu lifunuliwe.

Asubuhi hiyo Tunu aligundua kuwa bamba moja la kunasia chembe limesogea kidogo, kwa hiyo kipimo chake kimepotoka. Lakini wakubwa walishaalika wageni waje kuona jibu likifunuliwa, na wakubwa wakishaalika wageni, nani tena wa kusikilizwa?

"Fungua basi, binti, soda zinapata moto," alisema Mkurugenzi Shebe. Wageni wakacheka.

"Bamba limesogea, mzee. Nipe wiki nisahihishe."

"Utasahihisha baadaye."

"Baadaye nitakuwa nimeshaliona jibu. Nitajuaje kama nasahihisha bamba au nalibembeleza jibu?"

"Wewe fungua. Lawama zangu."

Wakubwa hawabebi lawama. Jambo likiharibika, linalotajwa ni jina la mdogo.

Tunu hakusogea. Shebe akamzunguka, akabonyeza mwenyewe kitufe cha kulifunua jibu. Hapo Tunu akaivuta khanga aliyojitanda mabegani kwa baridi ya kiyoyozi, akaitupa juu ya skrini. Mgeni mmoja wa nyuma akainuka kuchungulia. Katikati ya maua mekundu ya khanga mwanga ulianza kupenya, na tarakimu ndani yake. Tunu akageukia ukutani, macho ameyafumba.