Tofali Lenye Joto

Watu wa mji ule walimwambia Lugembe, mwenye biashara ya matofali, kwamba pumba za mpunga haziwezi kuivisha tofali. Lakini alikuwa amechoka kuona kilima kikibaki kipara kwa ajili ya kuni zake. Safari hii tanuri lake alilichoma kwa pumba tupu, na matofali yake alikwisha kuyaahidi bure kwa ujenzi wa wodi ya wazazi ya zahanati.

Asubuhi ya kulifungua, mkunga Nyamizi alikuja kutazama. Tofali la kwanza lilimomonyoka mkononi mwa Lugembe. La pili vilevile.

"Rudia kuni tu, kaka," mkunga alisema taratibu. "Akina mama wanajifungulia barazani."

"Nivumilie kidogo, dada. Moto hukaa ndani."

Nyamizi akajifunga kanga kiunoni, wakachimbua pamoja. Huko katikati matofali yalikuwa mekundu. Lugembe akagonganisha mawili, yakatoa mlio mkavu wa tofali lililoiva.

"Yatatosha wodi?" mkunga aliuliza.

"Chumba kimoja."

"Basi tuanze na hicho."

Mkunga akachukua tofali moja, bado lina joto, akalifunika kwa upindo wa kanga na kushuka nalo zahanati, amelikumbatia kifuani.