Nati Nane

Nati ya tano ilifunguka kwa vidole viwili. Karani wa masjala, akiwa amelala chali chini ya gari lake la spoti, aliicheka kwa dharau, ingawa jioni iliyopita nati hiyo hiyo ilimchubua vifundo vitatu na kumtoa maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasikia.

"Unaona?" alimwambia mkewe, aliyekuja kumwita chai. "Nimezilowesha mafuta zikalala nayo. Chuma kinataka kubembelezwa."

Mkewe akamjibu kwamba amebembeleza vya kutosha, chai inapoa.

Gari lilikuwa na turbo mbili, zile feni za kuisukumia injini hewa, kila moja imeshikwa na nati nne zilizoungua kwa moto wa ekzosi hadi zikashikana na bolti zake. Wiki iliyotangulia fundi wa mtaa alikubali kuzitengeneza turbo hizo, ila alitaka kuzifungua mwenyewe. Karani akakataa katakata. Miaka ishirini na mbili alikuwa mtu wa mihuri na faili. Kitu pekee alichowahi kufungua kwa nguvu ni kabati lililopotelewa na ufunguo, na hilo nalo alilivunja. Safari hii alitaka kufungua kitu kikafunguka.

Mkewe, aliyechoka kuona boneti limegeuka kamba ya kuanikia nguo, akatoa sharti. Turbo zote ziwe nje kufikia Jumamosi. Zikimshinda, au ikikatika hata bolti moja, gari litapakiwa kwenye lori la fundi likawe vipuri. Karani akaapa mbele ya wote wawili. Fundi alimwonya jambo moja tu: mwalimu wao chuoni hakumruhusu mtu kugusa nati kabla ya kuitia alama. Karani akaitikia, na kabla fundi hajafika getini alikuwa ameshasahau.

Kilichomkosesha raha ni mkwe. Mama mkwe alifika kesho yake kutibiwa magoti, na kibaraza alichopenda kukaa kilitazamana na gari. Kwa hiyo kila Karani alipojitosa uvunguni na kaptura yake, miguu nje, mama wa watu aligeuza kiti, akatazama ukuta na kuendelea kufuma sweta. Zaidi ya shikamoo na marahaba hawakuwa na mazungumzo. Karani alijua tu kwamba mama huyo alistaafu kazi ya serikali. Kazi gani, hakuwahi kuuliza, maana nani humhoji mkwe wake? Alishukuru kwamba analala mapema, anaamka kabla ya jogoo, na haoni aibu zake.

Mambo yakawa yale yale. Jioni nati inagoma, asubuhi inalegea kama kifuniko cha chupa. Ya sita nayo ikakubali. Karani akawa anaingia ofisini kifua mbele, akiwapa wenzake somo la vyuma. Alipogundua kwamba kila nati iliyolegea ina mstari mwekundu mwembamba, alimweleza mkewe kuwa hizo ni alama za kiwandani. Mkewe hakumsikia, alikuwa akipekua droo akitafuta rangi yake ya kucha.

Zilibaki mbili, za chini kabisa, nyuma ya turbo ya pili. Ijumaa asubuhi hazikulegea. Jumamosi pia hazikulegea. Karani akalala kule chini akiwa ameshika spana, na hofu ikamwingia kweli. Alilipenda gari lile. Akavuta kwa nguvu zote, bolti ikalia, naye akaacha upesi.

"Usivute kwa pupa," mama mkwe aliuambia uzi wake, uliokuwa umejifunga fundo. "Rudi nyuma kidogo, kisha mbele. Polepole."

Karani, kwa kukosa la kufanya, akajaribu hivyo hivyo. Nyuma kidogo, mbele kidogo, jasho likimwingia machoni. Saa mbili baadaye turbo ya pili ilimwangukia kifuani, naye akaikumbatia.

Fundi alifika mchana na lori lake. Akazigeuzageuza turbo kwenye mwanga, kisha akachukua kopo ambamo Karani aliweka nati zote na kuanza kuziangalia moja moja, huku Karani akisimulia siri ya mafuta. Alikwangua ule wekundu kwa ukucha. Akatazama kibarazani, kwenye kiti kilichoelekea ukutani. Akafuta mikono, akavua kofia, akamwacha Karani katikati ya sentensi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," mama mkwe aliujibu ukuta. "Sita ni zangu. Zile mbili za chini magoti yalikataa. Amezifungua mwenyewe, na hakukata hata bolti moja."