Soksi za Juniper

Katika chumba cha mazoezi cha Dokta Prewitt ungeweza kulala kitandani na kofia kichwani, na hakuna ambaye angekuuliza. Soksi ndizo zilizokuwa haramu.

"Mwili ni kitu kimoja," alisema asubuhi ile ya mtihani, huku Juniper Voss akijikunyata kwa baridi. "Anayetaka kuujua mgongo lazima auone na unyayo. Vua, binti."

Juniper akavua. Lowell Krantz, mtahiniwa, akashusha pumzi. Kwa soksi zile mpango wake wote ungekwenda na maji.

Lowell alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha udaktari kaskazini mwa Missouri, kimoja cha vile vyuo ambavyo, pamoja na dawa na visu, hufundisha kutibu kwa mikono. Unapapasa, unatafuta palipokaza, palipokaa upande, panapouma. Unapanyoosha, kisha mwili unajiponya wenyewe. Wenzake walipapasa, wakafumba macho, wakasema wanahisi mambo makubwa. Lowell alipapasa akahisi mgongo.

Hata zoezi la unywele lilimshinda. Unaweka unywele chini ya karatasi, unautafuta kwa ncha za vidole, kisha unaongeza karatasi ya pili, ya tatu, kadiri vidole vinavyoelimika. Vya Lowell viligoma kwenye ya kwanza. Prewitt aliwekewa nusu nzima ya kitabu cha namba za simu. Akapitisha kidole polepole huku amemkazia macho Juniper, ambaye ndiye aliyeuficha, kisha akagonga, "Hapa." Darasa likapiga makofi. Tangu siku hiyo mikono yake iliitwa ya dhahabu.

Mtihani huu wa kutafuta palipokaza Lowell alishaufeli mara moja. Akiufeli tena ni kufukuzwa chuo, arudi Iowa kwa baba yake kulisha nguruwe. Na mzee Krantz alishatangaza kanisani kwamba mwanawe ni daktari. Waumini walikuwa wameanza kumpigia Lowell simu kumweleza habari za magoti yao. Lowell aliogopa hasa. Usingizi ulimpaa, chakula kikamkinaisha.

Ndipo akamwangukia Juniper, mwenzake wa mazoezi, ambaye ndiye angelala kitandani kama mgonjwa siku ya mtihani. Kanuni zilikataza kumuuliza mgonjwa wapi panamuuma, na mgonjwa naye hakutakiwa kufungua mdomo. Kuhusu vidole vya miguu hazikusema lolote.

"Ukigusa penyewe nakunja kidole gumba cha mguu wa kushoto," Juniper alimwambia mkahawani, akitafuna mkate wa nyama ya nguruwe aliohongwa. "Na ukinibonyeza kama unakanda unga, nakupiga teke. Teke siyo ishara."

Sasa Juniper alikuwa amelala kifudifudi, uso umezama kwenye tundu la kitanda. Lowell akasimama kushoto kwake, akaanza kushuka na uti wa mgongo pingili baada ya pingili, shingo ameipinda kuelekea miguuni mpaka ikaanza kumuuma yeye. Nyuma yake, kwenye kiti cha mtahini, Prewitt hakutulia. Mara ainamie huku, mara ainamie kule. Mwisho akachungulia chini ya kwapa la Lowell.

Kidole kikajikunja.

"Ni hii," Lowell akasema. "Pingili ya sita. Imekaza, imeelemea kulia."

Prewitt alinyoosha shingo, akairudisha. "Rudia," akasema.

Lowell akaona nguruwe. Akawaona wote, na ndoo yake, na viatu vyake vya mpira mlangoni. Akarudi juu, akaanza upya, jasho likimdondokea Juniper mgongoni. Safari hii Prewitt alivuta kiti chake hadi pembeni, upande wa miguuni, akakunja mikono. Kidole kikajikunja tena palepale.

Dokta akainuka papo hapo. Akaweka kidole kimoja tu cha dhahabu juu ya pingili, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayeyaona ya ndani.

"Ya sita," akakiri. "Inyooshe."

Lowell akaegemea, mgongo ukalia ko, na Juniper akaguna kwa raha ambayo haikuwemo kwenye mkataba wao. Prewitt akatamka kwamba amefaulu. Juniper akavaa soksi zake, akamkonyeza mwenzake, akatoka kwenda kutafuta kifungua kinywa.

Lowell naye alikuwa ameshashika kitasa.

"Krantz. Funga mlango kwanza."

Akafunga. Prewitt alimsogelea, akachungulia kwenye kioo cha mlango kuona kama kuna mtu koridoni, kisha akashusha sauti.

"Siku nyingine simama kulia, kijana. Umenizibia kidole cha binti, na mimi bila kile kidole sihisi kitu."